Sura ya Babu Katika Gigabaiti 4.7

Filamu ya babu ilikuwa gigabaiti 16. Diski tupu niliyokuwa nayo mkononi ilikuwa ya 4.7. Naanza na tarakimu hizo kwa sababu usiku ule, katika kibanda cha kuchomea diski mjini Masisi, niliamini kwamba tatizo langu lilikuwa la hesabu tu.

Babu, baba yake mama, alikuwa mtambaji wa hadithi za Kinyanga huko Walikale. Nilimrekodi katika likizo ya mwaka wangu wa pili, kwa kamera ya kuazima, usiku, mbele ya moto, jamaa wakimwitikia kila alipovuta pumzi. Alitamba kwa saa mbili na dakika kumi. Miezi minne baadaye alifariki. Mama mkubwa akanitumia ujumbe: njoo na ile filamu, tuitazame siku ya kuondoa matanga. Kule hakukuwa na kompyuta. Kulikuwa na televisheni, jenereta ya jirani na deki ya zamani inayosoma dividii tu. Kibandani ilikuwa imebaki diski moja, na pikipiki ya kwenda Walikale ingeondoka alfajiri.

Fundi, kijana wa miaka kama kumi na minane, alikuwa na dawa ya haraka. "Tukate tu, yaya. Apa banarudilia maneno."

Nilikataa. Alichokiita kurudia kilikuwa kiitikio cha wasikilizaji, na bila kiitikio mtambaji hasogei mbele. Lakini ukikataa kupunguza muda, inabaki njia moja: kupunguza idadi ya biti katika kila sekunde. Diski hubeba baiti bilioni 4.7, ambazo kompyuta nyingi huzionyesha kama gigabaiti 4.38 kwa kuwa huhesabu kwa vipeo vya mbili. Zidisha baiti hizo kwa 8 upate biti, kisha gawa kwa sekunde 7,800 za filamu. Unapata takriban megabiti 4.8 kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Hapo picha na sauti huanza kugombea nafasi.

Mimi niliipendelea sauti. Kinyanga ni lugha ya toni, nami nilihofia kwamba kuibana sauti kungefuta kupanda na kushuka kwake. Nikamwagiza fundi aiache bila kubanwa hata kidogo: megabiti 1.5 kwa sekunde, karibu theluthi ya diski nzima. Picha ikaachiwa 3.3. Fundi akatikisa kichwa, akanieleza kwamba picha yenye giza na moto unaochezacheza hula biti nyingi, kwa hiyo ingeharibika. Nikamwambia achome. Neno kuchoma hapa si tamathali tupu: mwale wa leza huipasha joto rangi iliyo ndani ya diski mpaka ibadilike, na diski ya aina hiyo haifutiki.

Wakati inachomwa nilijifariji kwa mfano mkubwa. Mwaka 1956 Candi Rureke, wa kijiji cha Bese, alitamba utendi wa Mwindo kwa siku kumi na mbili, akisimulia, akiimba na kucheza. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliuchapisha kwa Kinyanga na Kiingereza. Siku kumi na mbili ziliingia katika kitabu kimoja, na kilichookolewa ni maneno. Nikajiambia kwamba nami naokoa maneno.

Siku ya matanga sauti ya babu ilisikika hadi barabarani. Wazee waliitikia upya, kana kwamba moto ule uko mbele yao. Lakini kwenye kioo, kila mwali ulipopanda, uso wake ulikatikakatika kuwa vipande vya mraba. Mama mkubwa alisogeza kiti, akasogeza tena, mwisho akagusa kioo kwa kidole.

"Sauti niko nasikia. Sasa sura yake iko wapi, mutoto wangu?"

Sikuwa na jibu. Hadithi zile walizijua tangu utotoni, na wengine pale wangeweza kuzitamba wenyewe. Kilichokuwa kimeondoka ni uso. Nyumbani mle hapakuwa na picha nyingine ya babu isipokuwa ile ndogo ya kadi yake ya mpiga kura.

Niliporudi chuoni nilifanya nilichopaswa kufanya kabla ya kukanyaga kibandani. Niliibana sauti hadi kilobiti 192 kwa sekunde, nikaifungua katika Praat kando ya ile ya asili. Mistari ya toni ililaliana. Sauti nzima ingetosha katika megabaiti zisizofika 200. Mimi niliipa gigabaiti 1.5. Niliunyang'anya uso wa babu nafasi yake kwa hofu ambayo sikuwahi kuipima, na nikaiita hofu hiyo isimu.

Sisi tunaokusanya lugha huzoea kuuliza rekodi inahifadhi nini. Usiku ule sikuuliza itatazamwa na nani.

Nimechoma upya diski mbili, nusu kwa nusu, sauti ikiwa imebanwa. Picha sasa ina karibu mara tatu ya nafasi ya kwanza, na makunyanzi ya paji la uso yanahesabika. Ziko kabatini kwangu, zikisubiri barabara ya Masisi kwenda Walikale itulie. Kwa sasa nimemtumia mama mkubwa picha moja iliyosimama, kupitia simu ya jirani yake. Jibu lilikuja baada ya siku tatu: picha ameiona, ni yeye kabisa, ila haisemi.