Kabla ya Kulaumu Mnara, Pima Waya

Mimi ni fundi wa kompyuta Mgeta. Nyumba nyingi ninazohudumia Langali, Nyandira na Tchenzema zinapata intaneti kwa ruta yenye laini ya simu. Milima ya Uluguru haigawi mawimbi sawasawa. Nyumba iliyo mgongoni mwa kilima inashika vizuri, jirani yake wa bondeni anaambulia kidogo tu. Kwa hiyo watu huiweka ruta pale inaposhika, kwenye dirisha linalotazama mnara au kwenye nyumba ya ndugu iliyo juu ya matuta, kisha wanateremsha waya wa mtandao hadi kwenye kompyuta.

Mtandao ukianza kukatakata, lawama zote huenda kwenye mnara. Mwalimu mmoja wa Nyandira, hata kabla sijamaliza kumwamkia, aliniambia, "Fundi, marahaba, lakini usihangaike. Mnara umeelemewa, tumeshazoea." Alikuwa ameshabadilisha laini, akanunua bando kubwa zaidi, na sasa alikuwa anafikiria ruta mpya. Nikamwomba, "Mwalimu, niruhusu kwanza nipime kipande kwa kipande." Ndilo ombi ninalomtolea kila mteja, kwa sababu safari ya intaneti ina vipande vingi, na kipande kilicho mikononi mwetu ndicho tunachokichunguza mwisho.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Kwenye kompyuta ya Windows, fungua dirisha la amri na uandike ipconfig. Utaona anwani ya ruta yako, mara nyingi inaanza na 192.168. Kisha andika ping, anwani hiyo, na -t mwishoni, uache iendelee. Waya ukiwa mzima, majibu hurudi ndani ya milisekunde 1 hivi, bila kupotea hata moja. Wakati kipimo kinaendelea, mtu autikise waya taratibu kwenye ncha zote mbili. Majibu yakipotea au yakipanda ghafla, mnara hauhusiki, maana hapo hujatoka hata nje ya ruta yako. Majibu yakiwa safi, pima tena kwa anwani ya mbali, kama 8.8.8.8 ya Google. Yakiharibika huko tu, sasa una haki ya kumpigia simu mtoa huduma.

Tofauti hii ilionekana wazi Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo fundi hana la kufanya kwenye nyumba ya mtu, na vipimo hivi viwili vinamwonyesha hivyo kabla hajamtoza mteja hata shilingi.

Kwa mwalimu, majibu ya ruta yenyewe yalikuwa yanapotea. Nikachukua kompyuta yangu na waya mfupi ninaouamini, nikachomeka moja kwa moja kwenye ruta, na mtandao ukatulia. Waya mrefu ulikuwa umeshitakiwa tayari.

Nilipokitazama kichwa chake cha RJ45 kwenye mwanga, nilikuta nyaya nane zimepangwa kwa mfuatano wa jozi: chungwa na mwenzake, kijani na mwenzake, bluu na mwenzake, kahawia na mwenzake, ncha zote mbili vilevile. Kosa hili nalikuta mara nyingi. Kipima waya cha bei nafuu huwasha taa 1 hadi 8 bila tatizo, na fundi anaondoka ameridhika. Lakini pini ya 3 na ya 6 lazima ziwe za jozi moja iliyosokotwa pamoja, kwa sababu msokoto ndio unaozuia kelele za umeme. Mpangilio sahihi ni nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Ukitenganisha jozi, waya wa mita chache unaweza kufanya kazi bila kulalamika. Ukiurefusha kupita ukuta, paa na nyaya za umeme, taarifa zinaanza kuharibika njiani.

Nilipoukata waya, nikakwangua unyuzi mmoja kwa kisu. Ngozi ilikuwa ya shaba, ndani mweupe: alumini iliyopakwa shaba. Waya wa aina hii ni wa bei nafuu, lakini ukipindwa mara kadhaa hukatika, na hauwezi kufananishwa na shaba tupu kwenye masafa marefu. Kwenye kichwa cha nje, ambako ukungu wa Mgeta na mvua za masika huingia bila kubisha, pini zilikuwa na kutu ya kijani.

Tulivuta waya mpya wa shaba tupu, wa nje, wenye ganda linalovumilia jua. Tuliuweka mbali na waya wa umeme, na palipolazimu tukaukatisha kwa pembe mraba. Hatukuunga katikati. Kuunga kwa kusokota na kufunga kwa utepe wa plastiki ndiko kunakoua mitandao mingi ya matuta. Urefu nao una kikomo: mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa, na zaidi ya hapo weka swichi katikati.

Kuna jambo sitaki mtu alidharau, nalo ni radi. Waya wa shaba unaotoka nyumba moja hadi nyingine huweza kupitisha msukumo wa radi hadi kwenye kompyuta na kwa mtu anayeitumia. Wingu likiwa zito, chomoa umeme na waya wa mtandao pia. Nyumba mbili zikiwa mbali, bora kuziunganisha kwa faiba au kwa mawimbi ya redio.

Mwisho wa kazi tulirudia kipimo kilekile mbele ya mwalimu, naye akasoma namba mwenyewe. Huo ndio uhakika mteja anaoustahili: namba za kabla na namba za baada. Watu wa Mgeta wanaziamini mashine zao kwa kazi za maana, za shule, za biashara ya mboga, za watoto walio vyuoni, na hawapaswi kulipia bando kubwa kumbe tatizo ni pini moja yenye kutu. Fundi akikuuzia ruta mpya kabla hajapima waya, mwambie apime kwanza, nawe usimame hapo ukiangalia.