Toka Bukavu hata Katana: Kwa Wakulima Wanaonunua Chakula

Atokaye Bukavu kwenda Katana hushika barabara kubwa iendayo Goma, ziwa Kivu likiwa mkono wake wa kuume na milima mkono wa kushoto. Mwendo wenyewe si mrefu, ni kilomita zipatazo 50 tu. Lakini mwezi wa Oktoba 2023, tulipoifanya safari hii, mvua zilikuwa zimekwisha kuanza, na motokari yetu ilisimama mara nyingi kuliko ilivyokwenda. Hatukusikitika. Mwenye haraka haoni kitu njiani.

Tulikuwa walimu watatu, na mmoja wetu, mzaliwa wa Maniema, alikuwa hajapata kuiona nchi hii ya Kabare. Alitazama migomba iliyopanda mpaka vilele vya vilima, mashamba ya muhogo, viazi vitamu mabondeni, na udongo mweusi uliolowa, akasema: « Hapa njaa itapita wapi? » Kwa macho, alikuwa na haki. Bushi hunyeshewa kadiri ya miezi tisa katika mwaka, toka Septemba hata mwisho wa Mei. Nchi iko juu, zaidi ya meta 1,460, nayo haina joto la kuunguza mimea. Watu hupanda maharagi mara mbili kwa mwaka, na wenye sehemu bondeni hulima tena wakati wa kiangazi.

Basi tulimwambia mwenzetu atazame mizigo, si mashamba. Wanawake walikuwa wakishuka kuelekea Bukavu tangu alfajiri, kamba ya mzigo ikipita kipajini, migongo imeinama: makaa, ndizi, sombe, lengalenga. Kwa upande wa pili, malori yalitoka mjini yakipanda kwenye vijiji, nayo yalijaa magunia. Ndani ya magunia yale mlikuwa na nini? Unga wa mahindi, mchele, na maharagi. Mji unakilisha kijiji! Hilo ndilo jambo lililotushughulisha njia nzima.

Kwenye soko la Mudaka tulimkuta mama mmoja mwenye jembe begani. Alikuwa akichagua maharagi punje kwa punje kutoka katika fungu la mchuuzi.

« Mama, wewe si mkulima? »

« Mimi ni mkulima, mwalimu. Ndiyo maana nanunua. Mbegu zangu tulizila mwezi wa tisa. »

Alitueleza bila kulalamika, kama mtu anayesoma hesabu. Mwezi wa Juni alivuna vizuri. Lakini alikuwa na deni la dawa, na kijana wake wa shule ya sekondari alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya minervali. (Shule za msingi za Serikali ni za bure tangu Septemba 2019, sekondari bado hulipwa.) Tena fukusi, yaani wale wadudu watoboao maharagi, walikuwa wamekwisha kuingia kapuni. Akauza. Na kwa kuwa Juni kila nyumba huvuna na kila nyumba huuza, bei ilikuwa chini kabisa. Sasa Oktoba kila nyumba hutafuta mbegu, na bei imepanda. Fedha aliyopata kwa makopo mawili wakati wa mavuno haikutosha tena kununua hata kopo moja na nusu. Naye alikuwa amechelewa majuma matatu, wakati jirani zake maharagi yao yalikuwa yamekwisha kuota.

Msomaji mpenzi, ukilifahamu fungu lile la maharagi umefahamu nusu ya habari yetu. Mama yule alipoteza mara mbili, alipouza na aliponunua, bila ukame, bila nzige, bila kulala mchana. Tumesikia mara nyingi wakubwa wakiwahubiria watu mikutanoni kwamba mwanakijiji ni mvivu. Wenye maneno hayo hawajapita Mudaka saa kumi na moja alfajiri.

Tulimwuliza ukubwa wa shamba lake. Akatuonyesha kwa mkono, toka mti ule hata mfereji ule. Jamaa nyingi za Kabare hazina hata nusu hektari, na kile kidogo walicho nacho hakishikwi chote kwa namna moja. Kwa desturi ya Bushi ardhi ilikuwa ya mwami. Aliyetaka mahali pa kudumu alitoa kalinzi, ndiyo zawadi ya ng'ombe, naye na watoto wake wakabaki hapo. Asiyeweza kalinzi alipewa bwasa, yaani shamba la muda, kwa msimu mmoja au miwili, kwa fedha, kwa sehemu ya mavuno au kwa kazi ya mikono. Mwenye bwasa hapandi migomba wala miti, maana kinachodumu huonyesha umilikaji. Hatii mbolea nyingi pia, kwani mwakani atavuna mwingine. Hivyo udongo huchoka mikononi mwa watu ambao hawana ruhusa ya kuuponya.

Zaidi ya hayo, ardhi iliyo nzuri ilikwisha kukatwa zamani. Wakati wa Wabelgiji masetla walipewa vilima vizima kwa ajili ya chai, kahawa na kinkina, mti ambao gome lake hutoa kinini, dawa ya malaria. Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza kwamba mali za wageni zitapewa wananchi. Wananchi waliozipata hawakuwa wale wenye jembe. Mwaka ule ule, sheria ya tarehe 20 Julai ilikuwa imeifanya ardhi yote kuwa mali ya Serikali. Juu ya mashamba ya kimila iliahidi amri nyingine, na miaka makumi ikapita amri ile isitoke. Mwenye hati ya mjini aweza kulionyesha shamba kwenye karatasi. Mwenye kalinzi ana mashahidi tu, na mashahidi hufa.

Pale Miti njia hugawanyika. Ya kushoto hupanda Tshivanga, mlango wa mbuga ya Kahuzi-Biega, inayojulikana duniani kwa sokwe wake wakubwa. Mbuga iliundwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975. Wabatwa waliokuwa wakiishi msituni walitolewa bila kupewa ardhi nyingine, na wengi wao leo hukaa kando ya barabara hii wakilimia wengine kwa chakula cha siku moja. Sisi twapenda msitu ule ubaki, maana hutunza maji ya nchi hii. Lakini aliyetolewa msituni akanyimwa shamba, ameambiwa ale nini?

Habari ya msitu yatuleta kwenye vijiti. Mtu wa mjini atacheka kusikia kwamba nyumba yaweza kukosa chakula kwa kukosa vijiti, lakini ndivyo ilivyo. Katika njia za upande wa milima kuna kituo cha Mulungu. Hapo ndipo wataalamu wa INEAC, shirika la utafiti wa kilimo lililoundwa mwaka 1933, na baada yao wale wa INERA, walipochunguza mimea ya Kivu. Kituo hiki kimesambaza maharagi yapandayo juu. Maharagi hayo, mahali pazuri, hutoa mara mbili au mara tatu kuliko yale mafupi. Kwa mwenye shamba dogo ni dawa hasa, kwani shamba lisiloweza kupanuka hukua kwenda juu. Ila kila shina lataka kijiti kirefu, na shamba lataka maelfu. Mwenye bwasa hana ruhusa ya kupanda miti, mikaratusi ya kilimani ina wenyewe, na akatayekata mbugani hufungwa. Basi mbegu nzuri hubaki kwa wale wenye miti, na maskini hurudia maharagi mafupi ya babu yake.

Jambo kama hilo lilitokea kwa migomba. Mnamo mwaka 2001 mnyauko ulionekana Masisi katika Kivu ya Kaskazini, kisha ukashuka mpaka huku. Ni ugonjwa wa bakteria: majani hulegea, ndizi huiva kabla ya saa, na ukizikata ndani ni za rangi ya kutu. Wadudu huubeba toka ua hata ua, na panga la mkulima huubeba toka mgomba hata mgomba. Hapo kwanza wakulima waliambiwa wang'oe kisiki kizima pamoja na watoto wake, hata shamba lote. Wengi hawakufanya. Watu waliwaita wabishi, lakini mgomba ndio chakula, ndio kasiksi ya karamu, ndio fedha ya kila juma. Nani atang'oa akiba yake yote kwa siku moja na kuketi miaka miwili mikono mitupu? Baadaye watafiti walijaribu, hapa Kivu ya Kusini, njia iliyo nyepesi: kata mgomba ule mgonjwa tu, chini kabisa, mara uonapo dalili, pitisha panga motoni, ondoa ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga. Njia hii watu waliifuata, na migomba ikarudi mahali pengi. Ushauri wa pili ulimhesabu mkulima pamoja na chungu chake.

Karibu na hapo ni Lwiro, na majumba yake mazuri yaliyojengwa kwa ajili ya IRSAC, chuo cha utafiti kilichoundwa mwaka 1947. Wageni huja kutazama maktaba na bustani. Sisi tulikumbuka zaidi hospitali ya watoto, maana hapa madaktari wamewatunza kwa miaka mingi watoto wenye kwashiorkor: miguu imevimba, nywele zimekuwa nyekundu, uso una huzuni isiyo ya umri wake. Jina hilo ni la lugha ya Kiga, ya watu wa Ghana. Daktari mwanamke Cicely Williams alilitia katika maandiko ya kidaktari mwaka 1935. Wenyeji walimwita hivyo mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Madaktari wa leo wasema ugonjwa huu hautokani na sababu moja tu; lakini mtoto alishwaye ugali wa muhogo asubuhi na jioni, bila maharagi, bila sambaza, yuko karibu nao. Na maharagi yake yako wapi? Yalipita Mudaka mwezi wa Juni.

Zamani palikuwa na maziwa pia. Vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998, pamoja na makundi yaliyofuata, viliwamaliza ng'ombe wa Bushi. Pamoja nao ikaondoka mbolea. Katika nyumba nyingi mnyama aliyebaki ni simbilisi, yule mdogo afugwaye jikoni na kulishwa majani na maganda. Watu husema askari humwona mbuzi kwa mbali, lakini simbilisi hukaa kimya nyuma ya mafiga.

Kavumu tulipita jioni, penye kiwanja cha ndege. Mahali hapo hapawezi kutajwa tena bila kukumbuka Februari 2025: wapiganaji wa M23, ambao mwishoni mwa Januari walikuwa wameuteka mji wa Goma, waliteka kiwanja hicho, kisha wakaingia Bukavu yenyewe. Mabenki yalifungwa. Februari ndiyo miezi ya kupanda msimu wa pili! Aliyekimbia siku zile akiacha jembe hakukosa chakula cha Februari tu. Alikosa cha Juni, na mbegu za Septemba.

Tulifika Katana usiku umeingia. Kutoka pale barabara huendelea Kalehe, ambako tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Vilima vilivyolimwa mpaka kileleni haviwezi kushika maji ya namna ile.

Mwenzetu aliyetupokea, mwalimu wa mahali, alitupa sambaza na ugali. Kisha mkewe akatuonyesha kilichokuwa pembeni mwa chumba: bidoni mbili za manjano, safi na kavu, zimejaa maharagi mpaka shingoni, vifuniko vimekazwa. Fukusi waliofungiwa ndani, alisema, hufa kwa kukosa hewa, mradi bidoni isibaki na nafasi wala isifunguliwe. Wanawake 12 wa likelemba yao walikuwa wamepatana: mwezi wa Juni chama humkopesha kila mmoja fedha ya minervali, ili bidoni yake isiguswe mpaka siku ya kupanda. Mwaka wa kwanza wawili walizifungua mwezi wa Agosti, kwa ajili ya mgonjwa na kwa ajili ya matanga. Kumi walipanda mbegu zao wenyewe.

Mzaliwa wa Maniema aliinua bidoni moja kupima uzito wake, akauliza bei ya bidoni tupu sokoni Katana.