Kansa Iondoke, Raha Ibaki

Dada yangu alipoambiwa ana kansa ya shingo ya kizazi, ukoo mzima ulikuwa na swali moja tu: atapona? Shemeji ndiye aliyeongeza la pili, kwa sauti ya chini: "Na viungo vya jirani je, vitasalimika?" Nawaambieni wapenzi wasomaji, hilo ndilo swali la mume!

Nyonga ni kama nyumba ya kupanga. Kizazi kiko katikati, kibofu mbele, njia ya haja kubwa nyuma, utumbo juu. Mionzi ya kumtoa mpangaji mbaya inaweza kuwababua na majirani.

Ulinzi mwingine ni rahisi, huamini. Pale Ocean Road, Dar es Salaam, kabla ya kupanda kwenye mashine dada alikojoa, akanywa maji kwa kipimo, akasubiri. Kibofu kikijaa huusukuma utumbo mwembamba juu, mbali na mionzi. Haja kubwa nayo iwe imetoka, ili kizazi kisisogee. Siku tano kwa wiki, wiki tano, shemeji yuko pembeni na chupa ya maji! Baadaye ikaja mionzi ya ndani, inayopitia ukeni. Hapo huwekwa gozi ya kukisogeza kibofu na njia ya haja kubwa kando.

Ila kuna ambavyo maji hayaviokoi. Ovari hazivumilii mionzi, na hedhi hukoma mapema. Kwa baadhi ya wanawake vijana, daktari anaweza kuzihamishia juu kwa upasuaji kabla ya tiba. Kizazi hakitabeba mimba tena, lakini homoni zinaweza kubaki.

Na chumbani je? Uke unaweza kukauka na kubana. Tiba ikiisha na mwili ukipoa, kuna kifaa laini cha kuutanua kidogo kidogo, kuna vilainishi, na kuna subira ya mwanaume. Kansa haiambukizwi kitandani, na mionzi ya mashine haibaki mwilini, kwa hiyo kukumbatiana ruksa hata leo.

Kama ni wewe au mwenzi wako, ingieni wawili kwa daktari kabla ya siku ya kwanza, maana mengine yakishapita hayarudi. Ulizeni kibofu, ulizeni ovari, na mapenzi pia ulizeni. Msione aibu, daktari hayo anayasikia kila siku.