Barua kutoka Freiburg: Ghorofa zetu na jua letu

Ndugu zangu wa Dar es Salaam,

Matangazo ya fleti mpya za Upanga na Kijitonyama yananifikia hata huku, na yananiudhi. Vioo juu hadi chini, kiyoyozi kila chumba, halafu mnaambiwa ndiyo hadhi ya Ulaya. Hapa Freiburg, kusini mwa Ujerumani, uko mtaa wa Vauban unaosifika kwa majengo yanayojali mazingira, na haufanani kabisa na picha hizo. Ulikuwa kambi ya jeshi la Ufaransa hadi 1992. Leo una wakazi zaidi ya 5,000, wengi wao kwenye majengo ya ghorofa chache tu. Madirisha makubwa yametazama kusini, ambako jua la huku huegemea mwaka mzima, na mbele yake pana roshani. Majira ya baridi jua huwa chini, likapenya hadi sakafuni. Kiangazi linapanda, na roshani ya ghorofa ya juu inalizuia. Kuta ni nene, zimejazwa vitu vya kuhifadhi joto, kiasi kwamba nyumba iliyofikia kipimo cha Passivhaus haitumii zaidi ya uniti 15 (kWh) kwa mita ya mraba kwa mwaka kupasha vyumba joto. Miti mikubwa ya kambini iliachwa, na maji ya mvua yanaelekezwa kwenye mitaro ya majani yazame ardhini.

Mtaniambia huko ni baridi, kwetu joto. Ndiyo hoja yangu. Sisemi mwige kuta zao. Nasema wao walilisoma jua lao kabla ya kuchora ramani, sisi twachora kwanza halafu twanunua viyoyozi. Jua la Dar hupita karibu utosini, Desemba likielemea kusini na Juni kaskazini, kwa hiyo ukuta unaoungua ni wa mashariki na wa magharibi. Wazee wa pwani walijua pepo za kusi na kaskazi zinaingilia wapi. Msanifu wa leo anaweka korido katikati, vyumba huku na huku, na upepo hauna pa kutokea. Aibu hiyo ni yetu wenyewe.

Gharama? Kugeuza jengo kwenye karatasi hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji, ingawa nakubali viwanja vyetu vyembamba havigeuziki vyote. Kikwazo kikubwa ni kwamba anayejenga si anayelipa luku. Vauban, fleti nyingi zilijengwa na familia zilizoungana, zikanunua kiwanja na kumwajiri msanifu wao, kwa hiyo aliyeamua dirisha likae wapi ndiye angelala chumbani humo. Nasi tangu 2008 tunayo sheria ya kumiliki sehemu ndani ya jengo. Unganeni, mjenge hivyo.

Mkijenga, refusheni jengo kutoka mashariki hadi magharibi. Ngazi, stoo na vyoo viwekwe pande zinazoungua. Kila dirisha liwe na kivuli juu yake na tundu la kutolea hewa upande wa pili. Mwembe uliopo msiukate, wala uwanja wote msiuzibe kwa zege. Na anayenunua fleti iliyokwishajengwa aende kuikagua saa tisa alasiri, azime kiyoyozi, afungue madirisha, na aushike ukuta wa magharibi kabla hajatoa hata shilingi ya kishika nyumba.