Maji Tohara na Maji Salama

Mwaka 2008 tulijaaliwa kufika Misri pamoja na mwanafunzi wetu mmoja, aendaye kusoma Al-Azhar. Alasiri moja, mashambani nje ya Cairo, tulisimama kando ya mfereji wa maji ya Nile. Sisi tulikuwa na udhu, yeye hana. Akauliza, "Maalim, maji haya yafaa?" Tukamjibu kuwa ni tohara. Akaingia hata magotini, akatawadha.

Baada ya miezi michache alituarifu kuwa akikojoa hutoka damu. Daktari alimpima, akaona kichocho. Alipewa vidonge vya prazikwanteli, akapona, alhamdulillahi.

Jawabu letu lilikuwa sahihi kwa fiqhi, lakini lilikuwa nusu ya jawabu. Vijidudu vya kichocho hutoka katika konokono wa majini, vikapenya ngozi hata isiyo na jeraha. Theodor Bilharz, tabibu wa Kijerumani, alimgundua mdudu huyu huko huko Cairo mwaka 1851. Leo Misri imeyapunguza mno maradhi hayo, lakini mfereji haujawa mahali pa kuoga.

Basi enyi wazazi, mwana akisafiri mwusieni: atawadhe kwa maji ya bomba, anywe yaliyochemshwa au ya chupa iliyofungwa, akiharisha, atie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi katika lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo, na amwone daktari.

Tumefundishwa kumfunga ngamia kisha kutawakali. Siku ile sisi tulitawakali, na ngamia hatukumfunga. Mwenyezi Mungu atusamehe, na awahifadhi wasafiri wetu. Amin.