Waraka Uliopitia kwa Ami

Duka la Ami lilivunjwa mwezi wa Machi. Kwa miaka mingi lilikuwa na alama ya X nyekundu ya kuvunjwa ubavuni, hata watoto waliokulia karibu na stendi ya Muheza walidhani ndiyo nembo yake. Tingatinga lilipofika halikumaliza hata nusu saa. Mpwa wangu akanitumia picha: kifusi, mabati yaliyokunjamana, na rafu moja ya mvule imesimama vilevile kana kwamba inasubiri mteja. Nikaitupia kwenye kundi letu la watafiti wa ikolojia, nikaandika, "Posta yetu imekwenda."

Kijana mmoja anayesomea shahada ya pili, mjuzi hasa wa vyura, akajibu: "Pole sana mzee. Kwani mlikuwa mnalitumia duka kama seva?" Wenzake wakamwaga zile sura za manjano zinazolia kwa kicheko. Sikukasirika. Nilikasirika baadaye, kesho yake asubuhi, nilipoona swali lenyewe limeshafunikwa na matangazo matatu ya warsha. Basi nimjibu hapa, penye nafasi.

Naam, lilikuwa seva. Ilikuwa na mizani, magunia ya iliki na paka mmoja mwenye jicho bovu.

Wakati huo sisi hatukuwa na jina wala nembo. Walikuwapo watu waliofanya kazi kwenye misitu ya Usambara, wengine Uluguru, wengine Udzungwa, na mmoja au wawili waliokuwa wakipanda vilima vya Taita ng'ambo ya mpaka. Kuiita milima hii yote Tao la Mashariki kulikuwa hakujazoeleka. Ndiyo kwanza mtafiti Jon Lovett na wenzake walikuwa wakianza kulieneza jina hilo. Mimi sikuwa mtafiti. Nilikuwa karani huko Amani, milimani Usambara, mtoto wa mtumishi wa maabara ya malaria, na nilipewa kazi ya kupiga chapa waraka wa habari waliotumiana watafiti hao kwa sababu nilikuwa napiga chapa bila kutazama vidole. Toleo la kwanza nililolipiga mimi lilikuwa la 1983. Nimeangalia bahasha moja niliyoiweka, muhuri wake unasema 1984. Haya, iwe 1984. Ilikuwa miaka ya foleni za sabuni, na anayeikumbuka hahitaji tarehe.

Stensili ilikuwa karatasi laini yenye nta. Unaondoa utepe kwenye taipureta ili herufi zenyewe zitoboe ile nta, kisha unaifunga kwenye mashine ya kudurufu, unapaka wino, unazungusha mkono. Ukikosea unapaka dawa nyekundu yenye harufu ya rangi ya kucha, unapuliza mpaka ikauke, unapiga tena juu yake. Taipureta yetu ilikuwa na herufi o kali kama patasi: ilikata duara zima likadondoka, kwa hiyo kila o kwenye waraka ilitoka doa jeusi tii. Majina ya Kilatini yamejaa o. Streptocarpus, Cola, Rhynchocyon, yote yalitoka yana ndui. Karatasi nayo ilikuwa adimu, tukadurufu nyuma ya fomu za zamani za kuhesabia mbu. Mwanachama aliyeko Morogoro angesoma upande mmoja kuhusu mche uliotoa maua Kwamkoro, na upande wa pili idadi ya Anopheles walionaswa kwenye kijiji asichokijua. Alilalamika mtu mmoja tu, naye alilalamika kwamba takwimu za mbu zimekatwa pembeni.

Ndani yake mlikuwa na nini? Mvua ya kila kituo, kwanza kabisa. Nani amewasili, nani ameondoka, nani ana gari linalokwenda Iringa na nafasi ya mtu mmoja. Mti gani umechanua mapema. Juzuu gani jipya la Flora of Tropical East Africa limefika maktaba. Kazi ile ilianza kuchapishwa 1952 na kumalizika 2012, zaidi ya aina 12,000 za mimea, nasi tulikuwa tukitangaza kila kijitabu kilichotoka. Na mwishoni, sehemu niliyoipenda kuliko zote: maombi. Fulani anaomba mbegu. Fulani anaomba aliyeona mti wa Maesopsis ukiota wenyewe ndani ya msitu amwandikie.

Huo mti ulikuwa habari kubwa ya miaka ile. Kwao ni upande wa Ziwa Victoria na magharibi zaidi. Ukaletwa Amani, ukapandwa. Msitu ulipokatwa mbao na kubaki na mapengo, ukayaingia. Hondohondo wanapenda matunda yake, wanayameza, wanaruka, wanaziangusha mbegu mbali. Wataalamu walihitaji kujua umefika wapi. Hapo ndipo Ami anapoingia.

Basi lilitoka Amani alfajiri, likateremka zile kona zote mpaka Muheza, likarudi mchana. Saa lilipokuwa stendi ndizo saa ambazo posta ama ilikuwa haijafunguliwa ama karani wake amekwenda kunywa chai. Kwa hiyo konda alikabidhi kifurushi cha waraka dukani kwa Ami, Ami akabandika stempu, na mwanawe akapeleka. Ufunguo wa sanduku letu la posta ulining'inia nyuma ya kaunta yake, kwenye msumari mmoja na tasbihi. Barua zilizoingia alizifunga kwa kamba ya katani, akazipandisha na basi la mchana. Hakulipwa. Alipoulizwa kuhusu malipo alisema tumlipe kwa mvua, tukadhani ni utani wa kizee.

Haukuwa utani. Ami alinunua iliki kutoka milimani, na iliki hufuata mvua. Jedwali letu la mvua lilikuwa kwake bei ya msimu ujao. Kiingereza alikijua cha kuhesabia tu, lakini alikuwa na rafiki, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekuja jioni kunywa kahawa na kumsomea ukurasa kwa ukurasa. Nikishuka mwisho wa mwezi mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kwamkoro imepata mvua kuliko Amani mwezi huu. Mmekosea nyie, au kipimo kimeziba?"

Kipimo kilikuwa kimeziba, cha Amani. Buibui.

Bahasha alizipima kwenye mizani ileile ya iliki, kwa hiyo zote zilinuka. Simaanishi harufu ya iliki ya kwenye chai, ambayo ni ya wageni. Iliki kwenye gunia la katani, iliyokaushwa juu ya moto wa kuni, ina ukali unaopanda puani, una kitu cha kafuri na kitu cha moshi, na unashika karatasi miezi. Mwanachama mmoja wa Copenhagen aliwahi kuandika kwamba mhudumu wa jumba lao la makumbusho hakuhitaji kutazama stempu za Tanzania. Aliinusa bahasha na kuiweka kwenye rafu yake. Tuliichapisha barua hiyo. Ami akataka mwalimu amsomee mara mbili.

Nakala moja aliigongomea mlangoni, upande wa ndani, pale wateja waliposubiri chenji yao. Nakala zilizochafuka wino, ambazo mimi nilimpa kwa aibu, alizikunja kufungia karanga. Kwa njia hizo mbili, mlango na karanga, habari zetu zilipanda tena mlimani mikononi mwa watu ambao hawakuwa wanachama wa chochote. Ombi lile la Maesopsis liliposomwa dukani, Ami alimuuliza kila utingo, kila mwenye mzigo wa iliki: mti ule wenye majani ya kumeremeta umeuona wapi, mkubwa au mche, karibu na shamba au ndani msituni? Majibu akayaandika kwa herufi za Kiarabu kwenye daftari la madeni. Mwalimu akayageuza, nami nikayapiga chapa. Sidai kwamba ndiyo yaliyojenga kitabu cha Hamilton na Bensted-Smith kuhusu misitu ya Usambara Mashariki kilichotoka 1989. Nadai tu kwamba majibu ya dukani yalikuwa mengi kuliko ya wanachama wenye shahada.

Siku moja nilikuta soksi ya shule imefungwa fundo, imetundikwa pale kwenye msumari wa ufunguo. Ndani mlikuwa na kinyonga dume mwenye pembe tatu, mzima na mwenye hasira. Mkulima mmoja wa Derema alikuwa amefungiwa karanga, akasoma, yaani kasomewa na bintiye, kwamba kuna mtu anataka kujua kinyonga wa pembe wanaishi kimo gani cha mlima. Akamleta mmoja pamoja na maelezo: alikuwa kwenye mti gani, urefu wa mtu mara ngapi, jua likiwa wapi. Ami alikuwa akimlisha nzi, ambao dukani hawakuwa haba. Mtafiti alipokuja akasikiliza maelezo yale, akatoa kalamu, akaomba yarudiwe polepole. Kisha kinyonga akarudishwa Derema na basi, ndani ya soksi yake, na konda akaambiwa asimfungue mpaka juu.

Ninaposema kwamba habari zilikuwa polepole nasikia vijana wakinihurumia. Miezi mitatu kusubiri toleo! Lakini katika miezi hiyo mitatu toleo lilikuwa linasomwa.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka, maana yenyewe yalipita haraka. Waraka ulihamia Dar es Salaam, ukapata jalada la rangi na safu ya nembo za wafadhili chini, ndefu kuliko jedwali la mvua. Toleo lililofuata halikuwa na jedwali kabisa. Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia 1997, na Desemba ya mwaka huo watu wakakutana Morogoro kuijadili milima yote, mkutano mzuri, chakula kizuri. Habari ya kware wa Udzungwa niliisoma nikiwa bado napokea karatasi: watafiti kutoka Denmark, mwaka 1991, waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ikielea kwenye sufuria ya mboga kambini. Jina la kisayansi akapewa 1994. Aliyempika alikuwa akimjua tangu hapo. Ami aliipenda habari ile kupita kiasi, akawa anaihadithia kila mteja wa kuku.

Ya chura wa Kihansi niliisoma Tanga kwenye intaneti kafe, nikilipia kwa dakika. Alijulikana kwa sayansi 1996, chura mdogo wa manjano anayezaa badala ya kutaga, anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto mmoja tu. Bwawa la umeme likaja, manyunyu yakapungua. Mwaka 2000 vyura 499 wakapakiwa ndege kwenda Marekani. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. 2012 wakaanza kurudishwa bondeni kwao. Kila hatua ilinifikia siku ileile. Sikuwa na wa kumsimulia. Ami alikuwa amekwisha kufariki, na wanawe waliuza vocha.

Kipunji je? Wawindaji wa Rungwe walimtaja wao kwanza, watafiti wakamfuata 2003, wenzao wakamkuta na Udzungwa, na 2005 dunia nzima ikatangaziwa kima mpya. Mpya kwa nani, angeuliza Ami. Baadaye ikaja ya Derema: wakulima wa iliki walilipwa fidia ili msitu uungane. Kwenye barua pepe zetu jambo hilo lilikuwa ramani yenye rangi ya kijani. Stendi ya Muheza lilikuwa magunia ambayo hayashuki tena.

Na sasa kundi la simu. Nalisoma kila asubuhi, kwa uaminifu, kwa miwani miwili. Nafasi ya ufadhili, mwisho wa kutuma maombi kesho. Warsha. Picha ya pamoja ya warsha, watu thelathini nyuma ya bango. Andiko muhimu sana la kurasa arobaini, na dakika hiyohiyo dole gumba kumi na saba, sijui wamelisoma lini. Mara chache, katikati ya takataka, kijana wetu wa vyura anaweka sauti aliyoirekodi usiku kando ya kijito, nami naisikiliza mpaka mwisho, naona fahari. Halafu nauliza: wanaoishi kando ya kijito hicho wameisikia? Ananijibu kwamba hawamo kwenye kundi.

Hawamo, ndiyo. Waraka wetu wa zamani nao ulikuwa wa wanachama tu, imeandikwa hivyo juu kabisa, kwa herufi kubwa, na o yake yenye doa. Ila haukuwa na njia ya kufika kwa wanachama bila kupita kwa konda, kwa Ami, kwa mwalimu na kwa mla karanga. Sasa njia ipo.

Mwezi uliopita nilimwandikia katibu wa kundi letu: tutoe ukurasa mmoja kila baada ya miezi mitatu, kwa Kiswahili, wenye mvua, maombi na majibu ya maombi yaliyopita, tuubandike penye watu. Akajibu vizuri sana, kwamba ni wazo zuri, niliandikie dhana na kifungu cha bajeti. Bajeti nimempelekea: nakala hamsini, gharama ya duka la fotokopi la Muheza, na nauli ya bodaboda mmoja wa kituo cha Amani ambaye nimeshazungumza naye. Anasema karatasi atabeba bure, ila anataka kujua kama mtakuwa mnaandika mvua ya juu na ya chini mbalimbali, maana njia ya Kisiwani ikilowa haipitiki, na yeye ndiyo hesabu yake ya siku.

Jedwali nimeshalichora. Nangoja kifungu.