Kamera Gizani

Wapiga picha wengi hufuata mwanga. Mimi hufuata giza. Siku nilipoingia katika Mapango ya Amboni, karibu na mji wa Tanga, nilibeba kamera, tochi na stendi ya miguu mitatu. Unyevu uliifunika lenzi kwa ukungu, nikaufuta, ukarudi. Niliiacha kamera ipokee mwanga kwa sekunde 30, nami nikipitisha tochi taratibu juu ya ukuta wa chokaa. Nilikosea mara kumi. Mara ya kumi na moja mwamba ulijitokeza, umechongwa na maji kwa miaka mingi kuliko umri wa taifa lolote.

Mbele zaidi palikuwa mahali ambapo watu huja kutambika. Mama mmoja alikuwa ameinama kando ya mshumaa. Picha hiyo ingalizishinda zote. Kidole kilikuwa tayari. Kisha nikakiondoa, nikarudi nyuma kimya.

Pango ni urithi wetu sote, bali dua ya mtu ni yake mwenyewe. Nawe ukifika huko, omba ruhusa kwanza. Ukinyimwa, tazama kwa macho tu.